Mama Chepkoech Alijibu Achicha

Simu ilinikuta Chebunyo siku ya soko, nimetandaza soksi na nguo za watoto kwenye turubai karibu na mahali mbuzi wanapouzwa. Namba sikuijua. Sauti ya msichana iliuliza, "Hapo ni kwa Nyampura?" Jina langu ni Nyambura, na katika sehemu zote nilizowahi kuishi, ambazo ni nyingi, watu wa kilima kimoja tu karibu na Mogogosiek ndio waliowahi kuniita hivyo, kila siku, kwa karibu mwaka mmoja. "Ni mimi," nikasema. "Mimi ni Chebet. Ulinibeba nikiwa mtoto. Kabla Gogo afariki alisema siku yangu ya koito lazima uitwe." Koito ni ile siku watu wa mvulana wanakuja rasmi kwa watu wa msichana, wanakaa, wanaongea, wanakula. Nilimwona Chebet mara ya mwisho akiwa hajajua kutembea, na sasa anaolewa. Nilisema nitafika. Nilimuuliza tarehe, nikamuuliza kama barabara imewekwa lami, nikamuuliza hata kama bado wanafuga ng'ombe. Habari za mama yake sikuuliza. Nilikuwa nimekaa zaidi ya miaka ishirini bila kujua kama yule mama alipona au alikufa, na sasa jibu lilikuwa kwenye simu mkononi mwangu, nikashindwa kuuliza. Mteja alinipigia kelele juu ya bei ya soksi, nikashukuru.

Nilifika kwao nikiwa na umri wa miaka kumi na minane. Mambo ya kwetu Kipkelion nayaacha, hayaingii hapa. Shule niliiacha darasa la saba, na kutoka hapo nilikuwa nimeshapika kwenye kambi ya watu wa barabara, nimeshauza mahindi ya kuchoma, nimeshalea watoto wa mwalimu mmoja Litein mpaka mke wake akanichoka kwa sababu ya maswali. Hilo la maswali ni kweli. Nikiona mtu anafanya kitu nataka kujua kwa nini anakifanya hivyo, na nikishajua nataka kwenda kwingine. Mama Chepkoech alikuwa amemzaa Chebet miezi miwili kabla, mtoto wake wa tatu wa kike, na mume wake alitafuta msichana wa kuchuma chai na kusaidia nyumbani mpaka mkewe apate nguvu. Hivyo ndivyo alivyoniambia: "Mpaka apate nguvu. Kama mwezi moja hivi." Nilikaa miezi kumi na moja.

Ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, na jiko limesimama peke yake nyuma, la udongo, limepakwa vizuri, lina dari ya fito ambako kuni zilikaushwa juu ya moshi. Mimi nililala jikoni na mama mkwe wa Mama Chepkoech, ambaye kila mtu alimwita Gogo, yaani nyanya. Kutoka mlangoni uliona chai yao yote ikiteremka mpaka kijito, ekari moja na kitu, na ng'ambo ya kijito chai ya watu wengine, kijani kimoja mpaka macho yachoke. Mama Chepkoech ndiye aliyenifundisha kuchuma. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, si zaidi. Unalaza fimbo ndefu juu ya miti, kilichopita fimbo ndicho chako, kilicho chini ya fimbo si chako, na hivyo shamba linabaki limelala sawa kama meza. Alikuwa na vidole vya ajabu. Aliweza kuchuma kwa mikono miwili bila kuangalia, majani yakirukia kikapuni mgongoni kama yameitwa. Lakini alifundisha kwa sauti ya chini sana, nikawa namwambia arudie, na baada ya mara ya pili hakurudia tena, alisimama tu ameshika fimbo. Siku ya kwanza nilipopeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, jirani yetu Mama Kibet, mwanamke mrefu mwenye mdomo wa kuchekesha kituo kizima, alichungulia gunia langu akauliza, "Wewe Nyampura, hii chai umechuma ama umenyoa?" Karani akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Mama Chepkoech alikuwa amesimama karibu nami. Yeye ndiye peke yake ambaye hakucheka, na nilidhani ni kwa kunihurumia.

Nikikumbuka sasa, dalili zilikuwa zimejaa nyumba ile kama sufuria na vikombe, na sisi tulizipita tu. Aliamka saa tisa au saa kumi kabla ya kuku, akakaa kwenye kigoda bila kuwasha moto. Aliosha sufuria moja asubuhi nzima. Alipika kimyet, ule ugali wao mgumu, akasahau kuteleka mboga, akatuwekea ugali peke yake mezani na kukaa nasi kana kwamba chakula kimekamilika. Yeye mwenyewe alikata tonge moja, akalizungusha mkononi mpaka likapoa, akampa paka. Jumapili moja mchana alianza kumsuka Chepkoech, binti yake mkubwa aliyekuwa darasa la pili, akafika katikati ya kichwa na kuacha. Hakuitwa na mtu, mtoto hakulia. Aliacha tu, mikono ikalala mapajani. Jumatatu Chepkoech alienda shuleni nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, na jioni aliniambia wamemwita barabara na msitu. Nilimaliza mimi ile nusu nyingine. Nilimsuka huku nikimkasirikia mama yake. Nilijiambia, huyu mwanamke anajua sasa kuna mfanyakazi, basi amejiachilia.

Kitu kingine kilikuwa kona ya chini ya shamba, karibu na kijito. Kila mahali chai ililala sawa, lakini pale, kama mistari sita hivi, miti ilikuwa imepanda juu ya kichwa changu, majani magumu, mengine yametoa maua meupe. Chai isipochumwa inarudi kuwa mti wa kawaida, na karani wa shamba akipita anakuandika vibaya. Niliuliza Mama Chepkoech kwa nini kona ile haichumwi. Akasema, "Hapo kuna maji." Hapakuwa na maji. Nilimuuliza Gogo, naye akaniambia, "Wewe msichana, kuna siku utauliza punda kwa nini iko na masikio." Nikaacha, lakini nilikuwa nimeshaiweka moyoni.

Kwa vile nilikuwa mtu wa kuuliza, nilikusanya maelezo ya kila mtu kuhusu kilichompata Mama Chepkoech. Nilikuwa na daftari la watoto lililobaki kurasa chache, nikawa naandika. Gogo aliamini kosa lilikuwa kwenye jina la Chebet. Kwao mtoto akizaliwa, wazee wa kike wanamtajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. "Huyu alipiga chafya kabla jina haijaisha," Gogo alisema, "na tukasema sawa, kwa sababu ilikuwa paridi na watu wanataka chai. Sasa yule mwenyewe amekasirika." Mume, Baba Chepkoech, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani upande wa kuni, alisema ni uvivu, halafu siku nyingine akasema ni damu kidogo, anunuliwe maini. Kusema kweli alinunua maini. Mama Kibet alisema kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilikuwa geni kwake, kwamba mwanamke akizaa wasichana watatu mfululizo na mama mkwe analala mita kumi kutoka dirishani kwake, hiyo peke yake inatosha. Mwanamke wa kanisani alikuja akasema ni kukosa maombi, akaomba muda mrefu, na Mama Chepkoech alipiga magoti wakati wote huo na alipoinuka alisema kongoi, asante, akarudi kukaa kwenye kigoda. Mimi mwenyewe niliandika kwamba ana kiburi. Hilo nalo liko kwenye daftari.

Sasa nifike kwenye salamu. Watu wa pale wakikutana wanasema *chamgei*, na unajibu *chamgei* au *chamgei mising*, na mnapita. Nilikuwa nimeisema mara elfu kama unavyosema habari. Lakini Chepkoech, ambaye alipenda kunifundisha kwa vile nilimsuka, alinifafanulia siku moja tukichambua mboga. *Cham* ni kupenda, akasema. *Gei* ni wewe mwenyewe. Kwa hivyo mtu akikusalimia anauliza kama unajipenda, kama uko sawa na wewe mwenyewe, na unamjibu kwamba ndiyo, sana. Sijui kama mwenye elimu ya lugha angekubali, lakini mimi nilifurahi siku nzima. Nilifikiri ni swali zito sana la kumuuliza mtu aliyebeba kikapu. Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye njia ya kwenda kituoni, mimi, Mama Chepkoech na wanawake wengine watatu, mvua ya usiku imefanya njia iteleze, na Mama Kibet akatukuta kwenye njia panda akapaza sauti kwa furaha yake ya kawaida, "Chamgei, Mama Chepkoech!"

Mama Chepkoech akasema, "Achicha."

*Achicha* ni hapana. Ndilo neno la kwanza la Kipsigis nililojifunza, kwa sababu ndilo linaloambiwa watoto. Hakuna mtu anayejibu salamu hiyo kwa hapana. Haipo. Watu walitazamana kujua kama wamesikia vizuri, halafu Mama Kibet akapiga paja lake akacheka, na wale wengine wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikashika mti. Nitasema kwa nini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuelewa mzaha kwa Kipsigis bila kutafsiriwa, na nilijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango. Tulipofika kituoni mimi ndiye niliyemsimulia karani, na sauti nilimwigiza, ile sauti ndogo kavu. Watu walinipenda siku hiyo. Na kwa vile kituo ni mahali pa kungoja, na kungoja kunahitaji maneno, mpaka Ijumaa neno lilikuwa limefika ng'ambo ya kijito. Watu walimsalimia ili wamsikie. "Chamgei, Mama Chepkoech?" wanangoja, wanatabasamu. Mara ya pili alijibu vilevile. Mara ya tatu pia. Vijana wa lori ya kiwanda wakaanza kusema *achicha* kila mtu akiuliza kama gunia limejaa. Baada ya hapo aliacha kujibu, akawa anaangalia chini, na baada ya wiki mbili aliacha kwenda kituoni kabisa. Nilikuwa naenda peke yangu, na watu waliniuliza, "Achicha amebaki?" Nikajibu kwamba amebaki.

Mtu mmoja hakucheka. Gogo alipolisikia, kutoka kwangu, jikoni, nikiigiza tena, alikuwa anasugua kibuyu cha maziwa kwa kijiti chenye makaa. Aliacha kusugua. Aliniuliza, "Alisema hivyo? Na nyinyi mkafanya nini?" Nikamwambia tulicheka. Akaendelea kusugua. Lakini kutoka siku hiyo niliona anampelekea Mama Chepkoech chai asubuhi yeye mwenyewe, kikombe kimefunikwa kwa sahani, akipita katika baridi na magoti yake mabovu.

Ilikuwa baada ya saa nane mchana, siku ambayo mvua ya mawe ilikuwa imenyesha asubuhi na kurarua majani, kwa hivyo hakukuwa na uchumaji wa maana. Mama Chepkoech alikuja jikoni akanipa Chebet. Alikuwa ameoga na kujipaka mafuta. Alikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kumwona, na nilifurahi, nikajiambia amepata nguvu. Akasema, "Huyu anapenda maziwa ikiwa vuguvugu, si moto. Ukimpa moto anatapika." Nikasema najua. "Chepkoech, usimsuke kwa nguvu hapa," akagusa upande wa kichwa chake mwenyewe, "ako na kidonda zamani. Na huyu wa katikati anaogopa ng'ombe nyeusi, usimtume." Nikasema sawa. Akatoka. Niliendelea kukoroga uji, mtoto mgongoni, na ilichukua muda wa kukoroga mara kumi hivi kabla sijajiuliza kwa nini mtu anayebaki nyumbani ananiachia maagizo ya mtu anayesafiri.

Niliteremka shambani nikikimbia na mtoto akiruka mgongoni. Alikuwa kwenye ile kona, ndani ya miti iliyopanda, nilimpata kwa kuona kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa ameketi chini, mawe ya barafu bado meupe kwenye mizizi. Nilitaka kusema mambo mengi lakini pumzi sikuwa nayo. Nikauliza, "Unaenda wapi?" Akasema, "Hakuna mahali." Nikakaa karibu naye kwenye matope. Sijui ni nani aliyenipa akili hiyo, mimi niliyekuwa na maswali yote ya dunia isipokuwa hilo, lakini nilimuuliza polepole, kama swali, "Chamgei?"

"Achicha," akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Nyampura. Ulicheka sana siku ile."

"Nilicheka. Nilikuwa mjinga."

Alikubali kwa kichwa, kana kwamba ni jambo la kawaida. Kisha akaniambia kuhusu kona ile. Kabla ya Chebet alikuwa na mimba nyingine, mvulana. Uchungu ulimshika hapa, miezi miwili kabla ya siku zake, na ilikuwa siku ya kupeleka chai, lori linangojwa. Alibakiza mistari miwili. Alijiambia amalize kwanza, tumbo litatulia. Akamaliza. Mtoto alizaliwa pale karibu na kijito na hakulia. Alizikwa upesi, wakamwambia asitaje tena, atavuta mkosi kwa atakayefuata, na akabeba mimba ya Chebet kabla maziwa hayajakauka vizuri. "Kila siku nasikia nikimaliza hiyo mistari mbili," akasema. "Watu wanasema niko mvivu. Siku hiyo ningekuwa mvivu." Halafu akasema kile alichokuwa amekuja kufanya pale kijitoni, kwa maneno machache, na akaniomba nisimwambie mtu.

Nimeweka siri nyingi za watu katika maisha yangu, maana anayehamahama huambiwa mengi. Hiyo sikuiweka. Nilimshika mkono tukapanda pamoja, nilimkalisha karibu na moto, nikampa mtoto wake amshike ili mikono yake iwe na kazi, nikamwambia Gogo yote mbele yake. Nilitegemea Gogo atalia au atataja lile jina na ile chafya. Alisema tu, "Leo nitalala kwake." Alibeba blanketi lake. Baba Chepkoech aliporudi kutoka kazini na kusikia kwamba kesho mke wake atapelekwa zahanati kwa ajili ya kichwa, alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Mke yangu si mwenda wazimu. Mnataka watu waseme nini kwa kituo?" Gogo akamjibu bila kuinuka, "Kwa kituo wameshasema. Wewe hukuwa unasikia? Keti, kula." Akaketi. Alikula akiangalia sahani, na asubuhi, tulipokuwa tunatoka, nilimkuta amesimama nje amebeba Chebet, amevaa viatu vya kanisa. Akaenda nasi.

Nesi wa zahanati alikuwa mwanamke mnene wa kutoka huku huku Chebunyo ninakouzia soksi sasa. Alifunga mlango na hakumkataza Gogo kubaki, wala mimi. Alimuuliza Mama Chepkoech analala vipi, anaamka saa ngapi, chakula kina ladha, kuna kitu kinachomfurahisha, hata kidogo, mtoto akicheka je. Kisha akamuuliza kama kuna wakati anatamani asiwepo, na kama amefikiria kujidhuru. Gogo alishtuka. "Usimwambie hivyo, utampa wazo!" Nesi akasema, "Mama, wazo ilikuwa hapa kabla yangu. Nikiuliza ndiyo inapata mlango ya kutoka." Na ilitoka. Ilitoka kwa muda mrefu, kona, mistari miwili, usiku bila usingizi, aibu ya wasichana watatu, na jambo ambalo hakuna mtu wa boma lile aliyekuwa analijua, kwamba yeye alipokuwa msichana, mama yake mwenyewe alilala msimu mzima wa mahindi uso ukiangalia ukuta, na wao watoto waliambiwa ni malaria.

Mimi nilikuwa na daftari langu, na nilimuuliza nesi, kwa hiyo sababu ni gani hasa? Ni mtoto aliyekufa, au ni huyu aliyezaliwa, au ni kurithi, au ni kazi nyingi? Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ukitaka sababu moja utatafuta mpaka uzeeke. Kuzaa peke yake inaweza kuleta. Kufiwa, pia. Kukosa usingizi, kufanya kazi bila kupumzika, kusemwa, kukosa mtu wa kumwambia. Na kama mama yake alikuwa nayo, yeye ni rahisi kumpata. Huyu amepata zote kwa mwaka mbili. Lakini uvivu haiko hapo. Na si kosa yake." Mama Chepkoech aliposikia hilo la mwisho alifunika uso kwa leso. Nesi aliandika neno la Kiingereza kwenye kadi. Nikamuuliza kwa Kiswahili linaitwaje. Akafikiri. "Sonona. Lakini sijawahi kusikia mgonjwa akisema hiyo. Wangu wote wanasema wamechoka." Na kwa Kipsigis? Akafunga kadi. "Kwa Kipsigis mgonjwa wenu amesema vizuri kuliko wote. Amesema achicha. Mlitaka aseme namna gani tena?"

Hakupona wiki hiyo, wala mwezi huo. Nesi alitupeleka hospitali kubwa ya Kericho, akapewa vidonge, na wiki za kwanza vidonge havikufanya lolote isipokuwa kumkausha mdomo. Alitaka kuviacha, Gogo akawa anavihesabu kama mbegu. Kila baada ya wiki mbili alirudi kwa nesi kuongea, na kila mara Baba Chepkoech alimsindikiza mpaka mlangoni na kungoja nje. Gogo alihamia nyumba kubwa na kuamka na mtoto, ili mama alale. Mimi nilienda kituoni nikamwambia Mama Kibet mbele ya watu kwamba lile jambo halikuwa mzaha, kwamba ni mimi niliyelisambaza. Nilitegemea anitanie. Alisema, "Mimi nilipozaa Kibet nililia miezi mitatu kwa choo, mtu asinione." Akabeba gunia lake. Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni waliangalia pembeni, nikajua nao wana hesabu zao.

Kisha mimi nikaondoka. Hili ndilo ninalopenda kuliruka nikisimulia. Ilikuwa mwezi wangu wa kumi na moja pale, Mama Chepkoech alikuwa anakula, alikuwa amemsuka Chepkoech kichwa kizima, lakini kulikuwa bado na siku ambazo alirudi kwenye kigoda. Miguu ilianza kuniwasha. Nilisikia kuna kazi Kisumu. Nilijiambia sasa wanajitosha wao wenyewe. Niliaga asubuhi, akanifungia mahindi ya kuchemsha kwenye gazeti. Nilimsalimia kwa kumuaga, *chamgei*, na lori lilikuwa linaita, sikungoja jibu. Kwa miaka yote hii, hilo ndilo lililonizuia kurudi, kuliko hata kile kicheko. Niliuliza na sikungoja. Nimewaona wengi tangu hapo, katika vyumba vya kupanga na mabanda ya soko, wanawake walioacha kichwa cha mtoto katikati, na nilikaa nao, niliwapeleka hospitali wengine. Yeye sikumrudia.

Siku ya koito nilishuka kwenye lami, maana sasa kuna lami, nikapanda kilima na begi langu. Chebet alikuja kunilaki njiani, mrefu, na vidole vya mama yake. Turubai limefungwa, sufuria kubwa zinachemka, jiko lile la udongo bado limesimama. Nilitazama chini shambani kwanza. Kona ya kijito ilikuwa imekatwa na kuchumwa, imelala sawa na kwingine, na katikati umeachwa mti mmoja tu wa chai, mrefu, una maua. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, nywele za kijivu, mpana kuliko zamani, unga wa mtama mpaka viwikoni. Nikasema nilichoweza kusema, "Chamgei, Mama Chepkoech."

Hakujibu. Alinitazama, akatazama shamba. Nilianza kuongea ili kuziba, na Chebet akanigusa mkono. "Ngoja, Shangazi. Kwetu salamu haijibiwi haraka. Gogo ndiye aliweka hiyo sheria."

"Leo, ee," Mama Chepkoech akasema mwishowe. "Leo chamgei. Mwezi wa tano ilirudi kidogo, nikawa achicha, nikaenda nikapewa dawa tena. Lakini leo, ee." Alijipangusa mikono kwenye leso yake akanijia. "Na wewe, Nyampura? Umetembea sana. Chamgei?"

Nilikuwa na lile jibu tayari mdomoni, *mising*, sana, ambalo nimempa kila mtu katika kila mji. Chebet alisubiri. Chepkoech alikuwa ametokea jikoni, mama mzima, sahani mkononi, naye akasimama. Hakuna aliyetabasamu kunisaidia, hakuna aliyeharakisha, ingawa wageni walikuwa karibu kufika na nyama inaungua.

Lile jibu nikaliacha, nikaweka begi chini.